Mgongo wa Pili

Tusekile Mwambungu alifika kliniki saa tatu asubuhi, mgongo wa pili, ule wa chuma, ameuvaa juu ya sweta. Kabla hata hajaketi aliuliza kama ataumia.

"Wenzangu wameniambia shingo inalia kama ukuni mkavu," alisema. "Niambie mapema, daktari. Mimi sipendi kushtukizwa."

Atupele alimvutia kiti karibu na dirisha. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa imeanza tangu alfajiri na haikuonyesha dalili ya kuchoka.

"Kwanza tunaongea," alisema. "Nakuuliza unavyolala, unavyobeba, unapoumwa. Halafu nakukagua: utainama, utageuka, nitakugusa pingili moja moja. Nikiridhika ndipo nakulaza pale kitandani na kusukuma. Sukumo lenyewe ni dogo na la haraka. Mlio utausikia, lakini si mfupa. Ni hewa iliyobanwa ndani ya kiungo, kama ukivuta kidole. Leo jioni na kesho mwili unaweza kuwa mzito kama umeshinda shambani. Zikipita siku mbili bado unaumwa, unanipigia simu."

"Na nikisema acha?"

"Naacha."

Tusekile akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kwa namna ya mtu anayekibeba kichwa chake mwenyewe kama chungu. Atupele aliliona hilo akaliweka moyoni.

Alikuwa mnyoosha mgongo kwa miaka tisa, lakini tangu Januari kazi yake ilikuwa imebadilika. Zamani migongo ya pili ilijirekebisha yenyewe. Ilikuwa mikanda ya vipande vyembamba vya chuma, kuanzia kisogoni hadi kiunoni, yenye mikono ya kushika mbavu na mapaja. Ilisoma kila pingili ya mvaaji na kuupokea uzito kabla haujafika kwenye mifupa yake. Mwanamke wa kilo hamsini aliweza kumnyanyua mtu mzima kama anavyonyanyua ndoo. Serikali iliigawa, mmoja kwa kila nyumba yenye mgonjwa asiyeinuka kitandani. Baadaye ikagundulika kwamba mgongo wa pili hujifunza pia kasoro. Pingili iliyopinda ulidhani ndivyo ilivyoumbwa, ukaishikilia hivyo hivyo mwaka hadi mwaka. Ndipo sheria ikaletwa: kila mvaaji aguswe na mikono ya binadamu, anyooshwe, mgongo wake ujifunze upya, apewe kibali. Asiye na kibali, chuma kinajifunga.

Kibali cha muda cha Tusekile kilikuwa kinakwisha siku hiyo, saa sita mchana.

"Umechelewa kuja," Atupele alisema, akisoma kishikwambi. "Umeandikiwa tangu Machi."

"Nimwache na nani? Leo nimemwomba jirani, Mama Subilaga. Akae naye hadi saa sita tu. Mume wangu hageuki mwenyewe, daktari. Miaka sita sasa, tangu alipoanguka kutoka juu ya paa la shule. Nisipomgeuza kila baada ya saa mbili anaota vidonda."

"Na wewe unaumwa wapi?"

Tusekile aligusa upande wa kushoto wa shingo, chini ya sikio, kisha kidole kikapanda hadi nyuma ya jicho.

"Hapa mpaka hapa. Ilianza Jumamosi nikimtoa bafuni. Aliteleza kidogo, nikamdaka huku nimegeuza shingo."

"Umewahi kuumwa hivi?"

"Hivi? Hapana. Maumivu ya mgongo nayajua, tumezoeana. Haya ni mageni."

Kalamu ya Atupele ilisimama.

*

Alimvua mgongo wa pili na kuutundika kwenye stendi yake. Bila chuma kile Tusekile alinywea. Mabega yalishuka, kiuno kikaenda mbele, akawa kama mhindi ulionyeshewa usiku kucha. Misuli ya wavaaji wa muda mrefu ilisahau kazi yake, na Atupele alikuwa amekwisha kulizoea hilo. Alichokitazama sasa kilikuwa uso.

Kope la kushoto lilikuwa limeshuka, si sana. Mtu angesema ni usingizi.

Skrini ya stendi iliwaka. Chuma kilikuwa kimekwisha kusoma: *Pingili ya pili ya shingo, nyuzi nne kushoto. Mfupa salama. Misuli salama. Sogeza.* Chini yake kitufe cha kijani kilisubiri.

Mikono ya Atupele ilijua la kufanya, na hilo ndilo lililomtisha. Mkono mmoja chini ya taya, mwingine kisogoni, geuza hadi mwisho wa mwendo, sukuma. Nusu sekunde. Alikuwa ameifanya mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka.

"Niangalie mimi," alisema. "Usitikisike."

Alivuta pazia, akazima taa. Chumba kikawa cha kijivu. Alisogea karibu na uso wa yule mama mpaka akasikia pumzi yake, akasubiri macho yazoee giza. Mboni ya kulia ilifunguka, ikapanuka kama inavyopasa. Ya kushoto ilibaki ndogo, nukta tu, haikupokea giza.

Atupele aliwasha taa. Alitaka kupangusa viganja kwenye koti, akajizuia ili asionekane.

"Kuna nini?" Tusekile aliuliza.

"Nipe dakika."

"Daktari. Nilikwambia sipendi kushtukizwa."

Atupele akaketi mbele yake, magoti yao yakikaribiana.

"Kuna mishipa mikubwa ya damu inapanda shingoni kwenda kwenye ubongo. Nadhani mmoja umechanika ndani, upande wa kushoto, siku ile ulipomdaka. Mchaniko ni mdogo, lakini damu inaweza kuganda pale. Donge likiondoka linapanda juu. Hicho ndicho kiharusi. Nikiigeuza shingo yako leo naweza kukuua hapa kitandani. Ukinyanyua kitu kizito unaweza kujiua mwenyewe."

Tusekile alielekeza kidevu kwenye skrini. "Pale pameandikwa salama."

"Kile kinasoma mifupa na misuli. Damu hakiisomi."

"Wewe unaisoma?"

"Hapana. Nimeona jicho lako tu. Ni shaka, lakini ni shaka kubwa. Unatakiwa hospitali ya wilaya sasa hivi, upigwe picha ya mishipa, upewe dawa ya kuzuia damu isigande. Ukiwahi, wengi wanapona."

Mvua ilipiga bati. Tusekile aliitazama mikono yake iliyokuwa mapajani, mipana, yenye kucha fupi.

"Ukiandika hivyo, fomu inakwenda wapi?"

Atupele alikuwa akiliogopa swali hilo tangu alipozima taa.

"Hospitali," alisema. "Na Ofisi ya Matunzo."

"Na Ofisi ya Matunzo wanafanya nini?"

"Unajua, mama."

"Nataka uniambie wewe."

"Chuma kinafungwa. Ndani ya siku mbili wanakuja kumchukua mumeo, Fundi Anyosisye, wanampeleka Nyumba ya Matunzo, Usangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapopona."

"Na mgongo wa pili ukikaa siku tisini bila kuvaliwa?"

Atupele aliutazama mgongo kwenye stendi. Uliokaa hivyo ulipewa nyumba nyingine. Orodha ya wanaosubiri ilikuwa ndefu, na wote walikuwa na mgonjwa kitandani.

"Basi nisikilize," Tusekile alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimchoma Atupele zaidi kuliko machozi. "Huna haja ya kunigusa. Bonyeza kile kijani, andika umeninyoosha. Nitakwenda nyumbani, nitaomba watu wa kunisaidia kubeba, wiki ijayo nitakwenda hospitali kimya kimya, nilipe mwenyewe, jina langu lisitoke. Mimi ni mtu mzima. Nimekuelewa vizuri sana. Nimechagua."

"Utambeba. Unajua utambeba."

"Labda."

"Leo leo. Saa nane mchana atahitaji kugeuzwa, Mama Subilaga atakuwa ameondoka, nawe utauvaa na kumnyanyua."

"Hiyo ni shingo yangu, siyo yako. Uliniambia nikisema acha unaacha. Nasema acha."

*

Saa nne na dakika ishirini Atupele alikuwa bado hajaandika kitu.

Alimwacha Tusekile amelala chali, kichwa kimekingwa na taulo mbili, akaenda kusimama koridoni na kishikwambi mkononi. Alitafuta njia ya tatu. Aliandika *hakufika*, akafuta, kwa sababu asiyefika hufungiwa chuma vilevile na hakuna gari la wagonjwa linalokuja. Aliandika *apumzike wiki mbili*, fomu ikamtaka sababu. Akaandika *uchovu*, ikamkatalia. Akakitazama kitufe cha kijani, kilichokuwapo pia kwenye kishikwambi, mpaka kikamchezacheza machoni.

Alifikiria kukibonyeza. Asingeweza kulikana hilo baadaye, hata kwa nafsi yake. Mama yule alikuwa na akili timamu, alikuwa ameelezwa, alikuwa ameamua. Vitabu vyote alivyosoma Atupele vilimtaka aheshimu hilo. Lakini hakuombwa amwache tu mgonjwa akatae matibabu. Aliombwa aweke sahihi yake kwenye uongo utakaofungua chuma, na chuma hicho ndicho kingemruhusu Tusekile kunyanyua kilo themanini akiwa na mshipa uliochanika. Bila sahihi asingeweza kumbeba hata kama angetaka.

Na kama ilikuwa shaka tu? Kama kope lilishuka kwa usingizi na mboni ile alizaliwa nayo? Angekuwa amewatenganisha watu wawili kwa ajili ya jicho lililozaliwa hivyo.

Aliandika: *Shaka ya mshipa kuchanika, shingo kushoto. Asinyooshwe. Asinyanyue. Apelekwe hospitali mara moja.* Akaweka kidole gumba, fomu ikaondoka.

Kule ndani ya chumba alisikia mlio mdogo, mikono ya chuma ikijikunja na kujifunga kwenye stendi.

Alipoingia Tusekile alikuwa akiutazama ule mgongo, hakugeuza kichwa.

"Sikukuruhusu," alisema.

"Najua."

"Nataka ulijue vizuri."

Gari la wagonjwa lilikuja baada ya dakika kumi na tano. Wakati wanamfunga kwenye machela, Tusekile alimshika Atupele mkono wa koti.

"Nenda nyumbani kwangu. Mama Subilaga ana watoto wa kuwapokea, ataondoka. Mwambie Fundi wewe mwenyewe. Asilisikie kutoka kwa mtu wa ofisi."

*

Nyumba ilikuwa nyuma ya kiwanda cha chai, ya matofali, safi. Fundi Anyosisye alikuwa amelazwa kwa ubavu akitazama mlango. Alikuwa mtu mpana, mwenye mvi, na uso uliozoea kusubiri. Mama Subilaga alisimama kando ya kitanda, tayari amejifunga khanga ya kuondokea.

Atupele alijitambulisha, akaeleza yote, hata lile la kitufe cha kijani. Hakujua kwa nini alilisema hilo. Labda alihitaji mtu amkaripie.

Fundi alisikiliza hadi mwisho.

"Alikuomba ubonyeze," alisema.

"Ndiyo, Fundi."

"Naye akaamua atakufa kwa ajili yangu. Nawe ukaamua asife, mimi niende Usangu. Mlikaa saa nzima mkinijadili. Kuna aliyeona nina mdomo?"

Atupele alihisi uso unamchemka. Katika mahangaiko yake yote pale koridoni, huyu mtu alikuwa mzigo wa kilo themanini.

"Sikufikiria," alisema. "Nisamehe."

"Tangu Jumamosi namsikia anavyobana pumzi akinigeuza. Nikimwuliza anasema ni baridi. Nimejenga mapaa miaka ishirini na tano, mwanangu. Boriti ikianza kulia huiongezei mzigo. Usiku nililala nikijiuliza nitamwambiaje asinibebe, na nani atanibeba." Alifumba macho. "Amefika hospitali?"

"Wamefika. Wanamwingiza kwenye picha."

"Basi nigeuzeni. Bega limekufa ganzi."

Wale wanawake wawili, Atupele na Mama Subilaga, walitazamana. Mama Subilaga alifungua khanga yake akaiweka kitini. Atupele alitandika shuka chini ya mwili ule mkubwa, akamwonyesha mwenzake pa kushika.

"Magoti ndiyo yafanye kazi, siyo kiuno. Shuka karibu na tumbo. Usijipinde. Nikihesabu tatu, tunavuta pamoja."

Ilikuwa kazi. Jasho liliwatoka, na mara ya kwanza hawakumfikisha. Mara ya pili aligeuka, akaguna, akashukuru. Atupele alisimama akihema, akielewa kwa mara ya kwanza alichokuwa akikifanya Tusekile mara kumi na mbili kwa siku, na kwa nini aliiogopa saa sita mchana kuliko kifo.

Walikubaliana zamu. Mama Subilaga aliwaita kaka zake wawili kutoka kiwandani. Siku ile na iliyofuata walipokezana, na Atupele alifunga kliniki mapema akaja kuwafundisha. Simu kutoka hospitali ilikuja jioni ya kwanza. Mshipa ulikuwa umechanika kweli, na damu ilikuwa imeanza kuganda. Tusekile alikuwa amepewa dawa. Asiinue kitu kwa miezi mitatu, pengine sita. Atupele aliketi kwenye ngazi za nyuma za nyumba ile na kulia kwa nafuu, kisha akaona haya, maana hakuna aliyekuwa amepata nafuu ila yeye.

*

Mtu wa Ofisi ya Matunzo alikuja siku ya tatu asubuhi, na gari jeupe na dereva. Aliitwa Mwasomola, kijana mdogo, koti lake limelowa mabegani. Alikagua mgongo na visigino vya Fundi, akatafuta vidonda, hakukuta.

"Mmemtunza vizuri," alisema. "Lakini sheria inataka mvaaji mmoja mwenye kibali. Zamu za majirani haizitambui. Nyinyi mtachoka. Siwaambii hivyo kwa ubaya, nimeona."

"Wiki mbili zaidi," Atupele alisema. "Nipe wiki mbili, nitatafuta mtu anayeweza kupimwa kwa chuma kile."

"Kile kimejifunza mgongo wa mkewe miaka mitano. Kukifundisha mgongo wa mtu mwingine ni miezi minne. Unajua hilo kuliko mimi, daktari."

Alijua.

Kaka zake Mama Subilaga walianza kubishana, mmoja akisema gari lile halitoki, mwingine akimtuliza. Fundi alikohoa.

"Niulizeni," alisema.

Mwasomola alichuchumaa kando ya kitanda, uso wake sawa na wa mgonjwa.

"Unataka nini, mzee?"

"Nataka kubaki. Kila mtu anataka kubaki. Lakini mke wangu akijua niko hapa, atatoroka hospitali. Namjua. Akirudi akanikuta nimeota kidonda, atanibeba kwa mikono mitupu. Akijua niko mbali, atalala. Nitakwenda. Ila uandike kwamba nimekwenda kwa hiari yangu, hukunichukua. Na uandike kuwa nina mahali pa kurudi. Hata wakigawa chuma, uandike kuna watu wanne wanaojua kunigeuza."

"Fomu haina sehemu hiyo."

"Andika nyuma."

Mwasomola aliigeuza fomu, akaandika muda mrefu, akamsomea. Fundi alisahihisha jina la Mama Subilaga. Kisha yule kijana alivua koti lake lililolowa, akalitundika msumarini, akashika pembe moja ya shuka.

*

Wodi ilikuwa na vitanda sita. Tusekile alikuwa kwenye kile cha mwisho, kola ngumu shingoni, kope la kushoto bado limeshuka. Atupele alisimama miguuni pa kitanda, hakuketi, kwa kuwa hakukaribishwa.

"Amekwenda," alisema. "Leo saa nne. Alisema mwenyewe. Sikumshawishi."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa akimenya chungwa, harufu ikajaa.

"Alikula?" Tusekile aliuliza.

"Uji. Akataka sukari zaidi."

"Huwa anataka." Aliuingiza mkono chini ya blanketi. "Sijakusamehe, daktari. Nashukuru niko hai na sijakusamehe. Sijui vinakaaje pamoja."

"Sikuja kwa ajili hiyo."

"Nani alimtoa ndani?"

"Mimi, Mama Subilaga, kaka yake mkubwa na yule kijana wa ofisini. Kwa shuka."

"Mlango ule ni mwembamba. Kuna kizingiti."

"Tulisimama kwenye kizingiti, tukapumua, tukampitisha kichwa kwanza."

Tusekile alifumba macho, na Atupele aliona kwamba alikuwa akiwafuata, hatua kwa hatua, kutoka kitandani hadi ukumbini, hadi kwenye mvua, mabega yake yakikakamaa chini ya blanketi kwa uzito ambao hakuwa ameubeba.

"Hamkumwangusha," alisema.

"Hatukumwangusha."

Mabega yakashuka. Baada ya muda mkono wake ulitoka chini ya blanketi na kukisogeza kile kiti kilichokuwa kando ya kitanda, kidogo tu, kuelekea kwa Atupele.